Nimepokea

Ulikuwa mji usiokuwa na uwanja wa ndege, lakini kila nyumba ilikuwa na rubani wake. Asubuhi watu walishona, walipima mchele, waligombana na mafundi bomba. Alasiri milango ilifungwa, hedifoni zikavaliwa, na mji mzima ukapaa. Mgeni aliyepita mitaani saa hizo angedhani watu wamehama. Wala hawakuhama. Walikuwa wameketi vyumbani mwao mbele ya kompyuta, mabega yamekakamaa, wakivuka milima ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga, wamebeba abiria ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura. Zuwena, fundi wa mapazia, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi, na alikuwa amekwisha kujiambia kwamba mambo ya waume yamempita, yeye sasa ni wa angani.

Shirika lao waliliita Mbayuwayu. Halikumiliki ndege hata moja ya kushikika kwa mkono, lakini lilikuwa na ratiba, kofia, na sheria nyingi kuliko mashirika yenye ndege za chuma. Mkuu wake aliitwa Bi Kidawa, na ukali wake ulikuwa wa mtu anayewapenda watu wake asijue pa kuyaweka mapenzi hayo. Ukichelewa kuondoka alikugombeza. Ukitua vibaya alikugombeza zaidi, kisha akakuletea bakuli la kunde.

Sheria iliyopendwa kuliko zote ilihusu kulaza. Ikitokea rubani ameitwa na mambo ya duniani, mgeni kabisha hodi au umeme unakonyeza kutaka kukatika, hakulazimika kuiacha ndege ianguke. Aliilaza pale pale ilipo, juu ya mawingu, na kesho au mwakani akaja kuiamsha. Maelezo ya kompyuta yalisema kuhifadhi, lakini Mbayuwayu hawakulitaka neno hilo. Kuhifadhi ni kwa samaki wa kopo, alisema Bi Kidawa. Ndege hulazwa, kama mtoto, na huamshwa taratibu isije ikashtuka.

Hapo ndipo fikra za Zuwena zilipoanzia, na zikianza hazikukamatika. Huyu anayeinuka kitini kwenda kumfungulia mgeni ni nani, na yule anayebaki juu ni nani? Maana mtu anabaki. Anabaki na mkono wake juu ya wenzo wa injini, ule wa kuongeza na kupunguza mwendo, na neno lake nusu mdomoni, na nyuma yake abiria aliyenyanyua biskuti haijafika kinywani. Huyu wa chini atazeeka, atapata kikohozi, atashona mapazia ya harusi za watu. Yule wa juu hazeeki wala hashibi. Na siku wa chini atakaporudi kumwamsha, atakuwa anamwamsha nani, ilhali yeye mwenyewe si yule tena? Alimuuliza Bi Kidawa swali hili mara moja. Bi Kidawa akamwambia ale kunde zake.

Na ndege haikuamka peke yake. Huo ulikuwa mji wa namna hiyo. Ndege ilipoamka, kiliamka na chumba ilimolazwa. Kama uliilaza ukiwa na chai ya moto, ungeweza kurudi mwaka mzima baadaye, ukaamsha, na kikombe kikatoa mvuke mezani. Kama ulikuwa na mafua, mafua yalirudi. Watu walizoea. Kuna bwana mmoja mtaa wa juu aliamsha safari moja kila Ijumaa, haikuwa na lolote la maana, ila siku ile alipoilaza mama yake alikuwa akiimba chumba cha pili.

Zuwena naye alikuwa na safari yake, na hakuwa nayo peke yake. Aliirusha pamoja na Ngwali.

Ngwali alikuwa fundi redio wa ng'ambo ya bonde, mtu mzima, mjane, mwenye sauti nzito ya mtu aliyetoka kunywa uji. Hawakuwahi kuonana. Yeye alikuwa Kapteni, kiti cha kushoto. Zuwena alikuwa msaidizi wake, kiti cha kulia. Na kati yao palikuwa na bonde zima na waya wa simu. Alhamisi moja, zamani kidogo, walipaa wakiwa na abiria wao wasio na sura, na kabla jua halijagusa mawingu Ngwali akasema, kwa upole ambao Zuwena hakuuelewa, "Tuilaze hapa, Bi Zuwena. Hakuna haraka." Wakailaza. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alasiri waliamsha safari ile ile, wakaruka kidogo, wakailaza tena. Hawakuwahi kutua. Jua lilikuwa pale pale kila wiki, jekundu, likitaka kutua nalo likikosa ruhusa.

Zuwena aliyapenda mazungumzo ya pale juu kuliko chochote alichokuwa nacho chini. Alizungumza yeye zaidi. Alimweleza habari za wateja wanaotaka pazia refu kwa kitambaa kifupi, na za mawingu, lile limekaa kama mkungu wa ndizi, lile kama shangazi yake aliyevaa kanga mbili. Ngwali alicheka kidogo, akangoja. Daima alikuwa na namna hiyo ya kungoja, na Zuwena aliichukua kuwa ndiyo tabia yake.

"Kapteni," alimtania, "unaendesha ndege au unasukuma mkokoteni? Mbona tunajikokota hivi?"

"Tunakimbilia wapi?" Ngwali alijibu.

"Abiria wana njaa."

"Wana biskuti."

Jambo moja tu la safari ile lilikuwa likimkera kidogo. Kila alipoiamsha, alijikuta ana kitambaa kilicholowa mkononi na jikoni pananuka maziwa yaliyoungua. Alikijua chanzo chake. Siku ile, wakiwa juu, alisikia maziwa yanapanda kwenye sufuria, akavua hedifoni na kukimbilia jikoni. Aliporudi, akiwa bado anapangusa vidole, alisikia ukimya wa mtu aliyemaliza kusema. Kuacha kiti juu ya mawingu ni aibu kubwa kwa Mbayuwayu. Bi Kidawa angemgombeza mpaka Ramadhani. Basi Zuwena akasema neno ambalo kila rubani hulisema akisikia sauti ya mwenzake redioni, neno lisilosema ndiyo wala hapana, linalosema tu kwamba sauti imefika. Alisema, "Nimepokea, Kapteni." Akaona mambo yamekwisha.

Kisha likaja tangazo. Bi Kidawa alipita nyumba kwa nyumba akalitoa kwa mdomo wake, kwa sababu habari mbaya, alisema, haitumwi kwa mashine. Mbayuwayu wanahamia anga jipya. Anga la zamani limechoka, mawingu yake yanarudia, milima yake ina kona kama maboksi. Anga jipya lina mvua inayolowesha kioo. Ila lina kasoro moja: halitambui ndege zilizolazwa katika anga la zamani. Ijumaa la zamani linafungwa. Kila mwenye ndege iliyolala aiamshe aitue, na isiyotuliwa itapotea pamoja na waliomo.

"Pamoja na waliomo," Zuwena alirudia.

"Ndivyo nilivyosema."

"Na mwenye biskuti?"

"Zuwena," alisema Bi Kidawa, na sauti yake ililegea, "itue ndege yako."

Lakini ndege ya watu wawili haituliwi na mmoja, na Ngwali alikuwa amenyamaza. Zuwena alimpigia kengele ya kuamsha, ile inayolia nyumbani kwa mwenzako ukitaka mpande pamoja. Haikujibiwa. Akapiga tena. Alishona pazia moja likatoka limepinda, akalifumua, akalishona tena likapinda upande wa pili. Ndipo alipokiri moyoni, bila mzaha, kwamba hakuogopa kuipoteza ndege. Alimwogopea mtu mwenye kiti cha kushoto. Alimpenda. Alikuwa amempenda Alhamisi baada ya Alhamisi, katika alasiri moja ile ile, na kwa kuwa alasiri ile haikuisha hakuona haja ya kusema. Sasa inaisha Ijumaa.

Mchana wa Alhamisi Bi Kidawa alirudi. Safari hii hakuleta kunde. Alileta nakala ya Ngwali ya safari ile. Maana ndege ya watu wawili hulazwa mara mbili, kila rubani na nakala yake, katika wakati wake aliouchagua, na Zuwena siku zote alikuwa akiamsha ya kwake.

"Amenirudishia," Bi Kidawa alisema. "Kasema niifute. Mimi kufuta siwezi, macho yangu yananisumbua."

Macho ya Bi Kidawa hayakuwa na tatizo lolote. Yalikuwa makavu na makali, yakimtazama Zuwena moja kwa moja.

"Kasema nini tena?"

"Kasema amengoja jibu vya kutosha, na mtu mstaarabu akikaa kimya muda wote huo basi amekwisha kujibu. Kasema hakulaumu."

"Jibu gani, Bi Kidawa? Aliuliza nini?"

"Mimi nijue? Nilikuwemo?" Akafika mlangoni akageuka. "Ukiiamsha, kumbuka. Mkono wako uweke ulipokuwa mkono wake. La sivyo itashtuka."

Zuwena alikaa. Akavaa hedifoni, akashika wenzo wa injini pale anapouweka siku zote, akaamsha nakala ya Ngwali.

Ndege ilishtuka. Ilipiga kelele, ikainua pua kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia, mwenye biskuti akapiga yowe lisilokuwa na mdomo. Zuwena alirudisha wenzo nyuma. Bado. Akaurudisha tena, zaidi, mpaka mahali ambapo ndege inakaribia kusimama hewani, mahali ambapo rubani mwenye akili hapaweki mkono, na hapo ikatulia ikanyamaza. Alitazama mkono wake ulivyokaa. Hivi ndivyo alivyokuwa akiruka mtu yule wiki zote, mkono umerudi nyuma kabisa, anaiba muda kidogo kidogo ili wasifike. Na yeye akimcheka kwamba anasukuma mkokoteni.

Alipoinua macho, dirisha lilikuwa upande wa kushoto.

Alikuwa katika kiti cha Kapteni. Magoti yalimuuma kwa maumivu asiyoyajua. Chumba kilinuka waya ulioungua, na mezani palikuwa na matumbo ya redio ya mtu. Mikono haikuwa mikubwa tena, ilikuwa myembamba, yenye alama za kuungua, na moyo ndani ya kifua ulikuwa unapiga kama wa kijana anayesubiri matokeo ya mtihani. Huyu ni mimi, aliwaza, au mimi ndiye huyu, au sisi wote ni kiti kimoja kinachokaliwa kwa zamu? Hakupata muda wa kulimaliza swali. Mkono wa kushoto ulikuwa ndio kwanza umetoka kuilaza ndege, na Zuwena alijua kwa nini, kwa kuwa kila Mbayuwayu anajua. Mtu hulaza nakala kabla ya jambo la hatari. Ukiona kimbunga mbele, ukiona njia fupi yenye mlima mwishoni, unailaza kwanza, ili ukianguka uweze kurudi. Lakini mbele hapakuwa na kimbunga. Anga lilikuwa jeupe.

Kisha mdomo wa Ngwali ukafunguka, na Zuwena alikuwa ndani yake.

"Bi Zuwena. Mimi ni mtu mzima, sina maneno mengi. Nimezunguka vya kutosha. Nataka kutua, na sitaki kutua pengine ila kwako. Kama nafasi ipo, niambie nilete wazee."

Ukimya. Zuwena aliusikia ukimya ule kwa masikio ya mwenye kuuliza. Ulikuwa mrefu kuliko bonde. Na kwa mbali, upande wa kulia, kiti kilikuwa kitupu, hedifoni zimelala mezani, na mtu fulani alikuwa akihangaika na sufuria.

Kisha sauti, yenye pumzi juu juu, sauti yake mwenyewe: "Nimepokea, Kapteni."

Ilimwingia kama maji baridi mgongoni. Nimepokea! Kwa rubani neno hilo halina uzito. Lakini mtu aliyepeleka posa akiambiwa imepokelewa, hilo ni jambo kubwa, hilo ni nusu ya safari. Maana yake wamekusikia, hawajakufukuza, wanakwenda kushauriana, nawe ukae kwako utulie mpaka uitwe. Mstaarabu harudi kuuliza. Mstaarabu hafuatifuati. Basi Ngwali akafanya alivyolelewa. Akasema tuilaze hapa, hakuna haraka, na kila Alhamisi akarudi katika dakika ile ile, akaketi, akangoja jibu, na kila Alhamisi akasimuliwa wingu lililokaa kama mkungu wa ndizi.

Na hakurudi nyuma hata mara moja. Hilo ndilo lililomliza Zuwena. Nakala ya kabla ya hatari alikuwa nayo, angeweza kuiamsha, akauliza upya kwa maneno mazuri zaidi, au asiulize kabisa. Hakuigusa. Mwenye uwezo wa kufuta neno lake aliliacha neno lake lisimame, akalisimamia, wiki baada ya wiki. Zuwena alikuwa ametumia miaka akijiuliza ni nani anayebaki juu ndege ikilazwa. Ni huyu. Anayebaki juu ni aliyeuliza.

Akairudisha pale ilipolazwa mwanzo, akavua hedifoni, akafuta uso kwa kitambaa cha pazia la mtu. Kisha akapiga kengele ya ng'ambo ya bonde, na ilipokosa kujibiwa akatuma ujumbe: *Kapteni, siku ile maziwa yangu yalikuwa yanachemka.*

Jibu likaja: *Maziwa gani?*

*Sikuwepo kitini. Niliposema nimepokea sikuwa nimesikia hata neno moja. Bi Kidawa asijue.*

Zuwena aliona akilini mtu mzima mwenye magoti mabovu, ameshika simu, anasoma, anavua miwani, anasoma tena.

*Njoo tuamshe nakala yako,* Zuwena aliandika. *Wewe kiti chako, mimi changu. Na unisamehe.*

Kengele ikalia upande wake.

Waliiamsha pamoja, mkono wa Ngwali ukiwa pale pale ulipokuwa siku ile, na ndege haikushtuka. Jua lilikuwa jekundu, liko juu ya mawingu. Zuwena aliketi kulia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kitambaa mkononi mwake kilikuwa kikavu. Jikoni maziwa yalikuwa hayajapanda. Aliyasikia yanaanza, ule mnong'ono wa chini, kisha kupanda, kisha mfuniko unacheza. Miguu yake, ambayo haikujua lolote kuhusu mapenzi, ilisimama yenyewe kwenda. Aliikalisha. Alishika kiti kwa mikono yake mikubwa yote miwili.

"Bi Zuwena," Ngwali alianza. "Mimi ni mtu mzima, sina..." Akasita. "Nasikia kama kuna kitu kinamwagika huko."

"Acha kimwagike. Sema."

"Hakitaleta madhara?"

"Kapteni, sema!"

Akasema. Alisema yote, maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza. Maziwa yalifurika, yakazima jiko, yakashuka mpaka sakafuni, na moshi wake ukaja hadi chumbani. Zuwena hakugeuza hata shingo.

"Nimepokea," alisema.

Upande wa pili hakuna aliyepumua.

"Na nimekubali. Ningekubali siku ile ile kama ningekuwa na akili ya kununua maziwa ya unga. Lete wazee wako, Ngwali. Waje na njaa."

Kulikuwa na sauti redioni ambayo haikuwa kicheko wala kilio, ilikuwa ya mtu anayetua mzigo aliouzoea hadi akausahau. Zuwena alimwachia muda wake. Alikuwa anadaiwa Alhamisi nyingi, akamlipa kwa kunyamaza. Hakutaja wingu hata moja.

"Basi tutue," Ngwali alisema hatimaye. "Kesho wanafunga."

"Tutue."

"Tutue wapi? Mji wenu hauna uwanja."

Zuwena alisimama na waya wa hedifoni ukimfuata, akavuta pazia la dirisha lake, pazia zuri ambalo hakuwahi kulifungua saa za kuruka, akatazama nje. Alasiri iliyokwama wiki zote ilikuwa imeanza kusogea. Vivuli vya nyumba vilikuwa vikirefuka, vikinyooka barabarani vyote upande mmoja, na barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho wake. Watu walikuwa wanatoka milangoni mmoja mmoja na hedifoni shingoni, wanatazama juu. Bi Kidawa alikuwa mbele yao, amevaa kofia ya shirika, anawagombeza wasimame pembeni.

"Upo," Zuwena alisema. "Njoo moja kwa moja. Punguza mwendo, Kapteni. Si ndiyo kazi unayoijua?"

"Nimepokea," alisema Ngwali, na nyuma yao mwenye biskuti akaila.